Lugha ya Ushahidi na Lugha ya Hukumu: Vitabu vya Historia, Muziki na Kompyuta Vinavyohusu Kibera na Kawangware

Utangulizi

Makala haya yamezuka kutokana na swali ambalo mwandishi wake alishindwa kulijibu. Mwanafunzi mmoja wa shahada ya uzamili, mzaliwa wa Makina huko Kibera, alikuja kuomba orodha ya vitabu visivyo vya kubuni ambavyo vingemsaidia kuuelewa mtaa wake: historia yake, muziki wake, na mambo haya ya simu na kompyuta ambayo yameufanya mtaa huo kuwa mfano wa kutajwatajwa katika makongamano ya dunia. Alitaka, ikiwezekana, vitabu hivyo viwe vya Kiswahili, kwa kuwa tasnifu yake ilikuwa ya Kiswahili. Orodha niliyompa ilikuwa ya Kiingereza tangu mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Aliipokea kwa adabu, akaikunja, kisha akauliza: "Mwalimu, kwa hivyo sisi tumeandikwa, ila hatujaandikiwa?"

Wasomaji wa jarida hili hawahitaji kufafanuliwa uzito wa kauli hizo mbili. Katika sarufi tunayoifundisha, Kibera imekuwa shamirisho kipozi kwa zaidi ya miongo mitano. Haijapata kuwa kitondo. Kusudi la makala haya ni kuvipendekeza baadhi ya vitabu vilivyomo katika orodha ile, kwa sababu ni vitabu vizuri na mwanafunzi wa fasihi atakayevikwepa atakuwa amejinyima. Hata hivyo, tutavipendekeza kwa sharti moja, nalo ni kwamba visomwe kama matini, yaani kwa jicho lile lile tunalolitumia kusomea riwaya: nani anasimulia, kwa lugha gani, na maneno ya nani yamebebeshwa mzigo wa hoja. Tukivisoma hivyo tutaona jambo moja likijirudia katika fani zote tatu. Kiswahili, pamoja na lugha nyingine za wakazi, ndicho lugha ya ushahidi. Kiingereza ndicho lugha ya hukumu. Shahidi husema, mkalimani husikiza, hakimu huandika.

Sisi wahakiki tuna sehemu yetu ya lawama. Tumezoea kuigawa nathari mafungu mawili, bunilizi na mengineyo, na hayo mengineyo tumewaachia wanahistoria. Naijua kamati moja ya idara iliyomrudishia mtahiniwa pendekezo lake la utafiti kwa maelezo kwamba matini alizozichagua "si fasihi". Walioandika maelezo hayo ni watu wanaofundisha tawasifu ya Shaaban Robert kila mwaka.

Historia: udongo na karatasi

Naanza na kitabu ambacho kiini chake si Kibera. The Comforts of Home cha Luise White, kilichochapishwa na Chuo Kikuu cha Chicago mwaka 1990, kinahusu wanawake wa Nairobi ya kikoloni waliojipatia riziki kwa kuuza miili yao na huduma za nyumbani. Sehemu kubwa ya masimulizi yake iko Pangani, kabla ya kijiji hicho kubomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930, na Pumwani. Nakiweka mbele kwa sababu ya umbo lake. Hoja nzima ya White inasimama juu ya maneno matatu ya Kiswahili: watembezi, malaya na wazi-wazi. Watembezi walitafuta wateja barabarani. Malaya walingoja vyumbani mwao, wakampa mgeni chai, maji ya kuoga na mazungumzo. Wazi-wazi walikaa nje ya milango yao, bei ikatajwa bila haya. Kwa mwandishi huyu, maneno haya hayakuwekwa kunogesha maelezo. Ni dhana. Kila neno linaeleza uhusiano wake na nyumba, kodi, na mali ambayo mwanamke angeiacha nyuma yake. Yaondoe maneno hayo matatu, kitabu kitaanguka.

Kwa hiyo nadharia ya kitabu hiki ilitungwa na wenyeji kwa Kiswahili, tena kwa miaka mingi kabla ya mtafiti kufika. Lakini ushuhuda wenyewe, yale mazungumzo ya akina mama waliohojiwa, unatufikia kwa Kiingereza. Tunaisikia hekima yao bila kuisikia sauti yao. Mwanafunzi wa fasihi simulizi atajifunza mengi kwa White kuhusu namna ya kupima neno la msimulizi bila kulidharau wala kuliabudu. Pia asikiache kitabu chake cha baadaye, Speaking with Vampires (2000), ambamo uvumi juu ya mumiani na wazimamoto unachambuliwa kama ushahidi wa kihistoria. Atakachokikosa ni lafudhi, methali, vijembe na kusitasita, yaani vitu vile ambavyo sisi tunaviita fani.

Kuhusu Kibera yenyewe, andiko la lazima si kitabu. Ni makala ya Timothy Parsons ya mwaka 1997, "Kibra Is Our Blood", yanayofuatilia urithi wa askari wa Kisudani katika mtaa huo tangu 1902 hadi 1968. Muhtasari wake ni huu. Askari wa Kinubi waliolitumikia jeshi la King's African Rifles, Keya kama walivyoitwa na raia, walipewa makazi katika msitu uliokuwa pembezoni mwa Nairobi, ardhi ya zaidi ya ekari 4,000, nao wakauita msitu huo kibra. Hawakupewa hati. Miaka ya 1930 Tume ya Ardhi iliyoongozwa na Morris Carter ilipofikishiwa suala lao, ilielezwa kwamba walikaa pale kwa ridhaa ya serikali tu, ridhaa ambayo ingeweza kuondolewa wakati wowote. Hivyo mzee aliyepigania Dola kwa bunduki alishindwa na karatasi. Ilikuwa mwaka 2017 ndipo jamii ya Wanubi ilipokabidhiwa hati ya pamoja, nayo ilikuwa ya ekari 288.

Ubora wa Parsons umo katika kukataa njia nyepesi. Hawafanyi Wanubi wahanga watupu, wala hafichi kwamba wao pia waligeuka wenye nyumba wakawapangisha wageni waliokuja baadaye. Anayetaka kuendelea mbele kidogo atamsoma Samantha Balaton-Chrimes, ambaye kitabu chake cha 2015 kinalileta suala hilo la uraia hadi karibu na wakati wetu. Ni kitabu cha sayansi ya siasa, na msomaji wa fasihi ataruhusiwa kuziruka sura za nadharia.

Ipo kazi nyingine ambayo idara za lugha hazina udhuru wa kutoijua: The Nubi Language of Kibera cha Bernd Heine (1982). Ni maelezo ya sarufi ya Kinubi, krioli ya Kiarabu iliyozaliwa kambini na kulelewa Kibera. Mtu hatarajii kusisimkwa na kitabu cha sarufi. Mimi nilisisimkwa, kwa sababu ndicho kitabu pekee katika orodha yangu ambamo Wakibera wanasikika wakisema kwa maneno yao wenyewe, hata kama wanachokisema ni mifano ya sentensi.

Hapa ndipo Kawangware inapodai nafasi, na ndipo orodha inapoanza kukauka. Watu wa nje hulitaja jina la Kawangware sambamba na Kibera kana kwamba ni mitaa pacha. Si kweli. Kibera ilisimama juu ya ardhi ya serikali. Kawangware ilimea juu ya mashamba ya watu. Ilikuwa sehemu ya Dagoretti, ndani ya eneo la akiba la Wakikuyu, na ilitiwa katika mipaka ya jiji mwaka 1963. Mwenye shamba alijenga vyumba vya mbao na mabati, akapangisha, akawagawia wanawe. Ndiyo maana hadithi ya Kawangware ni ya urithi wa kifamilia, mpaka wa ploti na mpangaji kutoka Magharibi ya Kenya, ilhali ya Kibera ni hadithi ya raia na Dola. African Metropolis cha Andrew Hake (1977) ndicho kitabu cha zamani kinachotupa msamiati wa kuifikiria mitaa ya namna hii. Hake anadai kwamba ndani ya Nairobi moja mna miji miwili, na kwamba ule unaojengwa na wakazi wenyewe bila idhini ndio unaowapokea wengi. Takwimu zake zimechakaa lakini hoja yake ingali hai. Ila kitabu kizima juu ya Kawangware, chenye kuuchukulia mtaa huo kuwa kiini na si mfano wa pili baada ya Kibera, sijakiona katika rafu za historia, za muziki wala za kompyuta.

Muziki: wimbo kama hati

Tukiingia katika muziki wa umma tunakutana na kinaya. Katika historia na kompyuta Kiswahili kilikuja nyuma. Katika muziki kilitangulia. Wasifu wa Siti binti Saad ulioandikwa na Shaaban Robert, na kuchapishwa mara ya kwanza mwaka 1958, ni kitabu kisicho cha kubuni kuhusu mwimbaji wa umma: mwanamke wa Fumba, mzaliwa wa wazazi watumwa, aliyevuka bahari kwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo kwa Kiswahili na kufa mwaka 1950 akiwa na sifa pwani nzima. Kitabu kile kina kasoro zake. Kinahubiri mno, na muziki wenyewe hausikiki sana ndani yake. Lakini kiliandikwa kwa ajili ya wale wale walioununua wimbo. Zanzibar iliifuata njia hiyo: Jukwaa la Taarab Zanzibar cha Issa Mgana (1991) na Taarab Zanzibar cha Mohamed Seif Khatib (1992) ni vitabu vyembamba, vyenye manufaa. Nairobi haikuifuata. Mji uliorekodi nyimbo nyingi za Kiswahili kuliko mji wowote wa bara umeachia Kiingereza kazi ya kuzieleza.

Msomaji atakayetaka kuufahamu muziki wa Kibera kuanzia mzizi wake wa kijeshi na aanze na Terence Ranger, Dance and Society in Eastern Africa (1975). Kitabu hiki kinafuata ngoma ya beni tangu pwani miaka ya 1890, ilipoiga paredi na tarumbeta za Wazungu, hadi ilipoenea bara pamoja na askari na wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza. Ranger hakukusudia kuandika kitabu cha Kibera. Lakini msomaji aliyetoka kwa Parsons atatambua mara moja kwamba askari yule aliyenyimwa hati ni binamu wa mcheza beni aliyejivika cheo cha jenerali kwa siku moja. Ngoma ilikuwa mahali pa kujipa cheo ambacho ofisi haingempa. Ajabu ni kwamba ngoma ya doluka, ambayo wanawake wa Kinubi wanaipiga na kuiimba katika harusi za Makina hadi leo, haipewi nafasi katika vitabu vya muziki ninavyovitaja hapa. Pengine ni kwa sababu haikupitia studio.

Kwa miaka ya santuri na redio, naipendekeza Shades of Benga (2017) ya Tabu Osusa na wenzake wa Ketebul Music, ambayo inasimulia muziki wa Kenya tangu 1946 hadi 2016 na, licha ya jina lake, inapita mipaka ya benga. Si kitabu cha kinadharia, na hiyo ni nafuu. Waandishi wake wanajua nani alipiga gita gani katika bendi ipi, na wanaheshimu majina. Mhakiki aliyezoea kuanza na nadharia ataona jinsi hoja inavyoweza kujengwa kwa orodha ya wapiga besi. Mkusanyiko wa Werner Graebner, Sokomoko (1992), nao ungali na thamani kwa kuwa unaweka muziki kando ya hadithi za magazeti, michoro na maigizo, kama vilivyo mitaani.

Kuhusu kizazi cha hip hop, vitabu viwili vinashindana. East African Hip Hop cha Mwenda Ntarangwi (2009) kina upana wa nchi tatu na kinawasikiliza vijana kwa huruma. Upungufu wake ni ule unaotuhusu sisi sote tuliolelewa na ushairi: kinausoma wimbo kama shairi lililoandikwa, mdundo unabaki mlangoni. Kenya@50 cha Joyce Nyairo (2015) hakifanyi kosa hilo. Nyairo anajua kwamba wimbo husikika mahali fulani, kutoka kwa chombo fulani, ukiwa umepita mikononi mwa mtangazaji, dereva na mwanasiasa. Makala aliyoyaandika pamoja na James Ogude mwaka 2005 kuhusu wimbo wa Gidi Gidi Maji Maji wa mwaka 2002 yanapaswa kusomwa na kila anayefundisha mofolojia, kwa namna yanavyoonyesha neno moja, mzizi wa Kijaluo katikati ya viambishi vya Kiingereza, likihama kutoka studioni hadi kwenye majukwaa ya kampeni. Nyairo anaandika kwa Kiingereza chenye masikio ya Kinairobi. Ikiwa ni lazima nichague kitabu kimoja cha muziki, nitachagua hiki.

Haifai kuondoka katika muziki bila kupanda matatu. Kenda Mutongi katika Matatu (2017) anaandika historia ya biashara hiyo tangu miaka ya 1960, akipitia amri ya Rais Kenyatta ya mwaka 1973 iliyoyaruhusu magari hayo kubeba abiria bila leseni maalumu. Mbugua wa Mungai katika Nairobi's Matatu Men (2013) anashughulika zaidi na utamaduni wa makanga, lugha yao na picha zao. Mutongi anasomeka kwa urahisi zaidi. Mungai anaujua utani. Kwa mtu wa Kawangware anayekwenda mjini kwa nambari 46, au wa Kibera anayepanda nambari 8, gari lilikuwa ukumbi wa kwanza wa muziki, tena usiokuwa na kiingilio mbali na nauli. Nambari yenyewe imegeuka alama ya utambulisho: msanii Octopizzo wa Kibera ameibeba 8 ndani ya jina lake. Anayeshangaa kwa nini nambari ya basi iwe ukoo wa mtu na asome Sheng cha Chege Githiora (2018), ambacho kinaichukulia lahaja hiyo kuwa Kiswahili cha Kenya chenye historia yake, wala si ugonjwa unaohitaji tiba. Najua baadhi ya wasomaji wa jarida hili watapinga. Wapinge baada ya kukisoma.

Kompyuta: jina letu, kitabu chao

Katika rafu ya kompyuta kinaya kinakuwa kikali zaidi, kwa sababu huku Kiswahili kimo hata katika majina ya mashine. Januari 2008, ghasia za baada ya uchaguzi zilipokuwa zikiendelea na Kibera ikiwa miongoni mwa sehemu zilizoumia sana, kikundi cha Wakenya na marafiki wao kilitunga programu ya kupokea taarifa za wananchi kwa ujumbe mfupi na barua pepe na kuziweka katika ramani. Waliiita Ushahidi. Jina lilichaguliwa vizuri mno. Programu hiyo imetumika katika nchi nyingi tangu wakati huo, na watu wasiojua neno jingine la lugha yetu wanalijua hilo. Lakini fasihi iliyokua kuizunguka ni ya Kiingereza. Dunia imelichukua neno ushahidi. Lugha ya mashahidi imebaki pale pale.

Yaliyotokea mwaka 2009 yanafaa kusomwa sambamba na karatasi za Tume ya Carter. Hadi mwaka huo, katika ramani za umma za mtandao, Kibera ilionekana kama doa tupu, licha ya kuwa na shule, misikiti, makanisa, vioski na vyoo. Mradi wa Map Kibera uliwafundisha vijana wa vijiji vya mtaa huo kutembea na vipokezi vya GPS na kuingiza njia zao katika OpenStreetMap. Mwaka huo huo sensa ya taifa ilihesabu watu wapatao 170,000 Kibera, ilhali waandishi wa habari na wachangishaji fedha walikuwa wamezoea kutaja milioni moja. Mtaa mmoja ulikuwa mtupu mno katika ramani na umejaa mno katika hotuba. Makosa yote mawili yalikuwa na faida kwa mtu fulani, na mhakiki hatakosa kuona kwamba tarakimu ile ya milioni ilikuwa chuku kabla ya kuwa takwimu.

Kitabu kinachosifiwa sana kuhusu fedha za simu ni Money, Real Quick cha Tonny Omwansa na Nicholas Sullivan (2012), kinachoeleza jinsi M-Pesa ilivyoanzishwa Machi 2007 na kusambaa. Nakipendekeza kwa anayetaka kujua utaratibu: wakala, namba ya siri, daftari, fedha taslimu zinavyozunguka kati ya mjini na kijijini. Ni kitabu chenye furaha, na furaha yake inastahili kiasi. Hata hivyo msomaji akisome pamoja na makala za Olga Morawczynski, aliyefanya utafiti wake Kibera na Bukura, Magharibi ya Kenya, katika miaka ya kwanza ya huduma hiyo. Morawczynski anauona ule uzi unaomfunga mume aliyeko Kibera na mke aliyeko shambani, na jinsi uzi huo ulivyolegea mahali pengine na kukaza mahali pengine pesa zilipoanza kwenda kwa simu badala ya kupelekwa kwa mkono. Hapa pana riwaya nzima ambayo haijaandikwa.

Nanjala Nyabola ndiye mwandishi ninayemweka juu katika rafu hii. Digital Democracy, Analogue Politics (2018) kinauliza swali ambalo vitabu vya sherehe hulikwepa: mtandao unabadilisha nini pale ambapo siasa zenyewe hazitaki kubadilika? Anaandika kama raia, si kama mgeni wala muuzaji. Kitabu chake kina udhaifu mmoja anaoshiriki na wengi wetu, nao ni kwamba Mkenya wa mtandaoni anayemchambua ana Kiingereza fasaha na simu yenye bando la kutosha. Lakini mwandishi huyo huyo baadaye aliongoza mradi wa kutafuta istilahi za Kiswahili za haki za kidijitali, jambo linaloonyesha kwamba aliuona ufa huo kabla yetu. Sisi tulitumia miaka mingi tukibishana kama chombo kiitwe kompyuta, ngamizi au tarakilishi. Sikumbuki kuona, katika muda huo wote, kitabu chetu kimoja kuhusu mtu anayekitumia.

Kwa wale wanaotaka ya karibuni zaidi, Feeding the Machine cha Muldoon, Graham na Cant (2024) kinahusu kazi iliyojificha nyuma ya akili unde, ikiwamo ile inayofanywa Nairobi na kaskazini mwa Uganda: kuzipa picha majina, kuchuja yasiyotazamika. Sura za Afrika ndizo zenye uzito. Nyingine nilizipitia haraka. Na kwa kuwa tulikwisha kupanda matatu, ni vyema kutaja kwamba mradi wa Digital Matatus, ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Nairobi na vyuo vya Marekani, ulitoa mwaka 2014 ramani ya njia zaidi ya 130 zilizokusanywa kwa simu za mkononi. Njia za Kawangware zimo. Ndiyo mara moja katika orodha yangu ambapo Kawangware inaonekana bila kuifuata Kibera, na inaonekana kama mstari wa rangi.

Kurudisha neno

Mwanafunzi niliyemtaja mwanzoni hakuridhika na orodha, akajitafutia kazi. Alichukua kurasa chache za Kiingereza zinazohusu Wanubi na ardhi yao, akazitafsiri kwa Kiswahili, akaenda kumsomea nyanya yake huko Makina, bibi aliyezaliwa kabla ya Uhuru na asiyesoma Kiingereza. Kwa sehemu kubwa bibi alisikiliza na kuitikia, akisahihisha jina la mtu hapa na la kijiji pale. Katika sehemu ya Carter alimsimamisha.

Msemo uliomkwaza ni ule wa sheria ya Kiingereza unaomtaja mpangaji anayeweza kuondolewa mwenye ardhi akitaka. Mwanafunzi alikuwa ametafsiri "wapangaji kwa hiari ya serikali". Msomaji aliye mwangalifu ataona tatizo. Katika Kiingereza cha sheria, hiari ile ni ya mwenye ardhi, na maana yake ni kwamba mpangaji hana haki. Katika Kiswahili, mpangaji kwa hiari ni aliyejichagulia mwenyewe kukaa, asiyelazimishwa na mtu. Tafsiri ile iliyoonekana sahihi neno kwa neno ilikuwa imegeuza hukumu nzima juu chini, na neno serikali lililofuata halikutosha kuirudisha.

"Hiari ya nani?" bibi aliuliza. Mjukuu akamweleza. Akanyamaza kidogo, kisha akasema kwamba wao hawakuwa wapangaji, kwani mpangaji hulipa, na baba yake alikuwa amekwisha kulipa huko vitani.

Tasnifu inaendelea. Sura ya pili imekaa mezani pangu ikiwa na nafasi wazi mahali pa msemo huo. Tumejaribu "kwa ridhaa", kama nilivyofanya katika makala haya, lakini ridhaa ina heshima ambayo jambo lenyewe halikuwa nayo. Tumejaribu "kwa hisani", nayo inamfanya mwenye nguvu aonekane mkarimu. Mwenzetu mmoja wa isimu amependekeza "kwa matakwa". Mwanafunzi ameliandika kwa penseli, na Jumamosi ijayo atalipeleka Makina.